Usilipe hata shilingi kabla ya kupima mita 300

Kaka, simama hapo hapo. Umesema umepata chumba karibu na steji, dalali anataka gudwili (pesa ya kupewa chumba, mbali na kodi) kufikia Ijumaa, na unauliza leseni ya duka la pombe inachukua muda gani, ada yake ni ngapi, na kama ni lazima uwe na kampuni. Halafu mwishoni ukagusia kwamba "aliyekuwa hapo alikuwa na leseni, kwa hivyo hakuna shida." Niliposoma hayo, tumbo lilinikatika. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na nikayaamini.

Nilitoa gudwili 250,000. Nikalipa kodi ya miezi mitatu, nikamwita fundi akanitengenezea kaunta yenye vyuma, nikanunua friji mbili. Hapo hata fomu ya kaunti sijaijaza. Dalali alikuwa akinipigia kila asubuhi: kuna mtu mwingine anakitaka hicho chumba, kaza mwendo.

Nilipopeleka maombi ya leseni, maafisa walikuja kukagua. Afisa wa afya aliangalia choo na maji, akaridhika. Mwenzake hakuingia hata ndani. Alienda nyuma ya jengo, akavuka kichochoro, akasimama mbele ya geti la mabati lililochorwa twiga. Nilikuwa nimelipita hilo geti mara ishirini nikidhani ni kanisa, na kweli Jumapili ni kanisa. Siku za kazi ni nasari. Tuliwakuta watoto wa sweta za kijani wamepanga foleni na vikombe, wanangoja uji. Yule afisa hakusema neno. Alianza tu kupima kurudi dukani kwangu, na hata mita 200 hakufika.

Sheria ya kudhibiti vileo ya Kenya ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, kifungu cha 12, inataka jengo liwe angalau mita 300 kutoka nasari, shule ya msingi, sekondari, au mahali popote wanaposomea walio chini ya miaka 18. Mimi nilisikia "shule" nikawaza uwanja, bendera na kengele. Chumba kimoja chenye watoto kumi na wawili ni shule pia.

Na leseni ya yule wa kwanza? Leseni ni ya miezi kumi na miwili, na yake ilikuwa imeisha. Nasari ilifunguliwa baadaye. Dalali alijua! Mwenye nyumba naye alijua, maana mjukuu wake anasoma pale. Wakanitazama nikipaka rangi ukuta wao kwa pesa zangu. Dalali wa aina hiyo anaweza kukuuzia kaburi akakusifia upepo wake. Gudwili haikurudi, na risiti sikuwa nayo.

Wapo watakaokwambia "ongea na mtu ofisini." Usithubutu. Majina ya waombaji hutangazwa kabla kamati ya leseni haijakaa, na mkazi yeyote anaweza kupinga. Kwangu alikuja mwalimu mkuu mwenyewe na barua ya wazazi. Sikuwa na la kumjibu, na hata sasa siwezi kusema alikosea.

Kwa hivyo kabla ya Ijumaa, nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, watoto wakiwa nje. Zunguka pande zote, mpaka nyuma ya nyumba na ndani ya vichochoro. Ingia kila kanisa uulize kama kuna masomo katikati ya wiki. Waulize akina mama wa mboga, wao wanajua kila mtoto anakopelekwa. Kisha nenda ofisi ya kaunti ndogo ukaulize kuhusu jengo hilo kwa nambari ya ploti, kwa sababu leseni za pombe ziko chini ya kaunti kwa katiba ya 2010, na kila kaunti ina sheria na ada zake. Dalali akikataa kungoja siku tatu, mwache aende na huyo "mtu mwingine" wake.

Ukishapima, rudi hapa uandike umepata mita ngapi.