Springi iwe ya mwisho: ushauri kwa anayejijengea gari la rimoti la kupanda mawe

Gari langu la kwanza la rimoti la kupanda mawe nililijenga mwenyewe hapa Mwanza. Chasisi niliikata kutoka kwenye mabaki ya alminiamu ya fremu za madirisha, mikono ya kushikia ekseli niliitengeneza kwa nondo laini ya milimita 6, na ekseli, gia boksi na shokapu nilizipata zikiwa zimetumika. Ni la kipimo cha moja kwa kumi, yaani sehemu ya kumi ya gari halisi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 313, umbali uliozoeleka sana katika magari ya aina hii, na tairi zake zina kipenyo cha milimita 110 hivi. Lilitembea tangu siku ya kwanza, lakini halikupanda. Kwenye mwamba wa kawaida kando ya ziwa lilinyanyua pua, likasimama kwa tairi za nyuma, kisha likalala chali.

Kwa muda wa miezi miwili nilibadilisha springi peke yake: laini, ngumu, fupi, ndefu. Sasa najua kwamba nilianzia mwisho. Springi inabeba uzito ulioupanga wewe na inatembea katika njia ambayo mikono imeiruhusu, kwa hiyo uzito ukikaa vibaya, au mikono ikiwa na pembe mbaya, hakuna springi itakayolitengeneza gari hilo.

Anza na mizani ya jikoni. Weka tairi moja juu ya mizani na zile tatu juu ya vipande vya mbao vyenye kimo sawa na mizani, soma gramu, kisha uhamie tairi nyingine hadi zote nne ziishe. Langu lilikuwa na gramu 1,080 mbele na 1,560 nyuma, yaani mbele ilibeba asilimia 41 tu ya uzito wote. Kwenye tambarare hesabu hiyo haitishi. Mlimani uzito huhamia nyuma kadiri kitovu chake, yaani nukta ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, kilivyo juu: gari likisimama kwenye mteremko wa nyuzi 45, mgao wa mbele hupungua kwa kimo cha kitovu hicho kugawanywa kwa umbali wa ekseli. Kitovu cha langu kilikuwa milimita 110 kutoka ardhini, na 110 kwa 313 ni kama asilimia 35, hivyo tairi za mbele zilibakiwa na asilimia 6 tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini pua ilikuwa ikipaa.

Kitovu cha uzito nilikipima kwa ubao. Funga kila shokapu kwa kamba za plastiki ili chasisi isiweze kulala upande, lisimamishe gari kwa tairi zake juu ya ubao, uuinue ubao polepole kutoka ubavuni mwa gari, na usome pembe kwa programu ya simu pale tairi za juu zinapoanza kuachia. Gari langu lina milimita 230 kutoka ukingo wa nje wa tairi ya kushoto hadi ule wa kulia, na lilianguka kwenye nyuzi 46. Nusu ya upana huo, milimita 115, ikigawanywa kwa tanjenti ya 46, inakupa milimita 111. Baada ya hapo kata kamba na urudie jaribio. Shokapu zikiwa huru, gari lilianguka kwenye nyuzi 37. Naliheshimu sana jaribio hili la mara mbili, kwa sababu linatenganisha makosa: pembe ya kwanza ni ya uzito, na tofauti ya nyuzi 9 ni ya chasisi kulala, ambayo ndiyo kazi ya shokapu na springi. Kabla ya kulifanya nilikuwa nikiilaumu springi kwa kosa la betri.

Betri ya gramu 300 niliitoa nyuma ya ekseli ya nyuma na kuilaza juu ya ekseli ya mbele, gia boksi nikaigeuza ili mota itazame mbele, kisha nikabandika ndani ya kila rimu ya mbele gramu 90 za zile risasi za kubalansi tairi zinazopatikana kwa mafundi wa tairi. Uzito uliofungwa kwenye rimu haubebwi na springi, unakaa chini kabisa, na hauilazi chasisi hata kidogo. Vipimo vikawa gramu 1,690 mbele na 1,130 nyuma, asilimia 60 kwa 40, na kitovu kikashuka hadi milimita 80. Piga tena hesabu ya mteremko wa nyuzi 45 na utaona kwamba mbele sasa inabakiwa na asilimia 34. Springi zilikuwa bado zilezile, na gari likaupanda mwamba uliolishinda kwa miezi miwili.

Baada ya uzito, shughulikia mikono. Toa springi zote, kisha sukuma kila ekseli juu, chini na kwa mshazari kwa vidole viwili. Ikikwama mahali popote, tafuta bolti iliyokazwa kupita kiasi, bushi iliyobana au mkono unaogusa chasisi, kwa maana msuguano huo utautafsiri baadaye kuwa ugumu wa springi. Mimi nina mikono minne kila ekseli: miwili ya chini imekaa pembeni, na miwili ya juu inakaribiana kama herufi V ili ekseli isiyumbe kushoto na kulia.

Pembe ya mikono ya juu ya nyuma ndiyo iliyonifundisha zaidi. Gari likisukuma, nguvu ya tairi hupita kwenye mikono kabla ya kufika kwenye chasisi, na mikono ya juu na ya chini ikikaribiana sana upande wa chasisi, nguvu hiyo huinyanyua chasisi badala ya kulisogeza gari mbele. Kulipima ni rahisi: gusisha bampa ya mbele ukutani, ongeza nguvu taratibu, na utazame nyuma. Chasisi yangu iliinuka milimita 15, na tairi zikaanza kudundadunda. Kwenye ekseli, mikono ya juu na ya chini ilikuwa imeachana kwa milimita 27, karibu robo ya kipenyo cha tairi, kipimo ambacho wajenzi wa magari makubwa ya kupanda mawe hukitumia kama mahali pa kuanzia. Kwenye chasisi, hata hivyo, ziliachana kwa milimita 12 tu. Nilitoboa matundu mapya nikaipandisha ncha ya mikono ya juu kwa milimita 10, na kudunda kukaisha. Usiipandishe mpaka chasisi ianze kuchuchumaa nyuma, kwani hapo pua itakuwa nyepesi tena; mimi naridhika inapobaki karibu palepale.

Hapo ndipo springi inapopata nafasi yake. Chagua iliyo laini kiasi kwamba gari likisimama lenyewe lishuke kati ya theluthi na nusu ya mwendo wa shokapu, ili tairi iwe na akiba ya kushuka shimoni. Shokapu zangu zina mwendo wa milimita 28, nami nimeliacha gari lishuke 12. Kumbuka pia kwamba kuilaza shokapu hulainisha springi ileile: ikilala nyuzi 30 kutoka wima, ugumu unaoifikia ekseli ni kama robo tatu, na ikilala nyuzi 45 ni nusu. Kwa hiyo toboa matundu kadhaa ya kufungia ncha ya juu kabla ya kununua seti nyingine.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Niliwahi kutia oili ya injini, na oringi za silikoni, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, zikavimba mpaka shokapu zikagoma kurudi. Tumia mafuta ya silikoni ya shokapu, ya namba 30 kwa kuanzia, na uisukume pistoni polepole mpaka viputo viishe.

Jambo la mwisho nililolirekebisha ni msokoto wa propela shafti. Mota ikivuta kwa nguvu, chasisi huelekea kujipinda, hivyo kona moja ya nyuma huzama na tairi ya mbele iliyo mshazari wake huwa nyepesi. Niliweka washa (kipete bapa) ya milimita 2 juu ya springi ya kona inayozama, nikapima tena kwa mizani, kisha nikajaribu kupita mwamba kwa ubavu pande zote mbili, kwa sababu washa ikizidi, gari litaanguka mapema upande mmoja kuliko mwingine. Kona hiyo bado inazama milimita 3 ninapopanda, na nimeiacha hivyo.