Kodi za vipimo vya ubongo zilinitoa jasho, we usirudie

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, yuko Marekani anasomea mambo ya bili za hospitali, anauliza kaka hizi kodi za vipimo vya ubongo unazikaririje? (Kodi za bili jamani, zile namba za kudai hela bima, sio ile ya mwenye nyumba. Na vipimo vyenyewe ni vya kumbukumbu na kufikiri, sio picha za kichwa.) Nikacheka, halafu nikanyamaza, nimekumbuka mbali.

Mpaka mwisho wa 2018 mimi nilikuwa mfalme. Dokta kapima masaa matano, naandika 96118 mara tano, hela inaingia. January 2019 ikafutwa, zikaja mpya kibao. Mgonjwa wetu wa kwanza mzee wa watu, anasahau sahau, kakaa na msaidizi wa dokta masaa matatu anapanga mafumbo na kurudia maneno, kisha dokta mwenyewe masaa mengine matatu kuchambua majibu, kuandika ripoti na kuongea na familia. Mimi kwa kujiamini nikajaza 96132 mara sita. Bima wakairudisha kama mpira uliogonga ukuta. Bosi akanisema mbele ya watu wote, na hadi leo inaniuma, maana hata yeye alikuwa hajui!

Sasa dada sikia. Usikariri namba, uliza kwanza NANI kafanya. Dokta kuchambua na kuandika ni 96132 saa ya kwanza TU, zinazofuata 96133. Kupima kwenyewe kunahesabiwa kwa nusu saa: akipima msaidizi ni 96138 halafu 96139, akipima dokta ni 96136 halafu 96137. Kwa hiyo yule mzee alikuwa 96132 moja, 96133 mbili, 96138 moja, 96139 tano. Na usichanganye na 96130, hiyo ni ya vipimo vya saikolojia vya kawaida, zinafanana kama mapacha.

Dakika nazo ziandikwe kwenye faili. Saa haihesabiki bila kufika dakika 31, nusu saa 16. Nyie vijana mnapenda kukopi bili ya mgonjwa wa jana mkabadilisha jina, acheni, acheni kabisa, uliza nani kafanya!

Ile klemu ya mzee, yaani dai la bima, niliituma upya, ikalipwa. Bosi hakusema kitu, kaja kaniwekea mezani faili zingine nane zilizorudishwa, akaondoka zake.