Muulize Babu wa Kitalu: Katapila Lisubiri Kwanza

Babu, shikamoo. Nimepata kiwanja Kigamboni, karibu na bahari, najenga nyumba ya wageni ya vyumba sita. Fundi anataka tulete katapila lisafishe kila kitu, halafu tupange miashoki ukutani na kutandika nyasi. Mimi natamani miti ya asili, ila sijui ninunue ipi, na maji yetu ni ya boza. — Mama wa Wageni, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Mwambie fundi katapila lisubiri siku mbili. Wewe unaniuliza ununue nini; mimi nakuuliza, humo kiwanjani kuna nini tayari? Tafuta mzee wa hapo mtaani (dalali muache), mpitie naye asubuhi kabla jua halijawa kali, akutajie jina la kila mti. Unaotaka ubaki, ufunge utepe mwekundu. Gharama yake ni soda ya mzee.

Nina sababu ya kusema hivyo. Kuna mteja alikuja hapa kitaluni akitaka mikoche mirefu mitatu, ile ya jamii ya minazi, ya kuweka mbele ya mgahawa wake. Katika maongezi ikatoka kwamba kiwanja chake kilikuwa na mikoche minne, akalipa hela ikang'olewa! Nikamwambia sina, na hata ningekuwa nayo nisingemuuzia. Mbegu ya mkoche ikichipua huzamisha kichipukizi chini kabisa ardhini kwanza, ndipo jani linapopanda juu. Ukija kuuchimba ukiwa mkubwa unaukata roho. Mikocheni, mtaa wa Dar es Salaam, ilipewa jina kwa miti hiyo. Pita leo uone imebaki mingapi.

Basi kama una mkoche, mkwaju au hata kichaka cha mikindu, chora jengo ukilikwepesha. Mgeni akifika akakuta mkwaju uliokomaa uani, kaa naye chini ya kivuli hicho umwandikishe jina; mapokezi yako hayahitaji feni. Mkindu una miiba mikali chini ya makuti, kwa hiyo usiuache pembeni ya njia wanayopita watoto.

Sasa vya kupanda. Nyasi, chukua za Pemba, zile za jani pana. Ni za pwani yetu hii, zinavumilia chumvi na kivuli, na hazidai maji kama hizo wanazokuuzia zimekunjwa kama zulia. Kule yanakotokea maji ya kuogea, panda mtomondo, maana wenyewe hupenda miguu iwe kwenye unyevu. Maua yake yananing'inia kama shanga, yanafunguka usiku, asubuhi unayakuta chini yametapakaa. Mfagiaji wako atanung'unika. Mweleze wageni wanayapiga picha. Upande wa baharini weka mtondoo, ila uwe mbali na ukuta, maana ni mti wa kunenepa.

Juani, penye mchanga mkavu, weka deza rozi, waridi la jangwani. Watu hudhani imetoka Thailand kwa sababu ya vile vyungu vya mapambo, kumbe iko porini kwenye nchi kavu za Afrika Mashariki. Utomvu wake ni sumu, wawindaji waliupaka mishale, kwa hiyo ukiikata nawa mikono. Na penye uzio wa waya, pandisha mwafu, yasmini ya mwitu yenye maua yaitwayo afu. Kila mtu ananiomba yasmini, hakuna anayeniomba afu, na harufu ya afu jioni ndiyo iliyowahi kuimbwa pwani hii kabla ya manukato ya chupa.

Kuhusu miashoki sitaitukana, ndiyo iliyosomesha wanangu. Lakini asili yake ni India na Sri Lanka, na inasimama kama askari wa gwaride: mirefu, myembamba, kivuli chake hakitoshi kuku wawili.

Panda masika yakianza, Machi mwishoni, boza likusaidie tu wakati wa kiangazi cha mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo miti hii inajitafutia.

Babu, jirani anasema mwarobaini si mti wa kwetu. Tumebishana mpaka tumenuniana. — Msomaji, Tanga

Mwombe radhi jirani. Mwarobaini umetoka Asia ya Kusini, ukatukolea mpaka tukaupa jina la kutibu maradhi arobaini. Pwani sasa unajiotea wenyewe kila ndege anapodondosha mbegu, na huko vichakani unasonga miti mingine. Wa uani kwako usiukate, ila miche inayoota chini yake ing'oe. Na mkonge wenu pia ni mgeni, ulifika Tanga mwaka 1893. Ukitaka fahari ya mkoa, mtajie jirani dughulushi, ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Wazungu wanalifuga madirishani kwao tangu enzi ya Wajerumani. Ila usilipande juani, litakufa. Linataka mwamba na kivuli cha msitu.

Tunataka mbuyu mbele ya ofisi yetu na uzio wa minyaa. Inafaa? — Karani, Dodoma

Mbuyu unafaa sana Dodoma, mradi msiwe na haraka. Mche wake mtausahau: majani ya mwanzo hayana vidole, mtunza bustani ataudhania gugu aufyeke. Uzungushieni mawe na kibao. Uwe mbali na jengo na bomba la maji.

Minyaa sawa, inavumilia ukame na mbuzi haigusi. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali. Mnaposema ofisi, je, kuna shule jirani? Kama ipo, wekeni minyaa nyuma tu, na anayeipunguza avae miwani.