Ngazi ya mzunguko au yenye kituo, kwa nyumba yenye watoto?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tunataka kujenga nyumba ya ghorofa moja. Tuna watoto wawili, wa miaka 4 na wa miezi 10. Fundi anashauri ngazi ya chuma ya mzunguko kwenye kona ya sebule ili tuokoe nafasi. Mume wangu ameipenda, ila mimi nasita. Kutoka sakafu hadi sakafu ni sentimita 306. Tuchague ngazi gani, na ikae wapi?

Jibu: Dada, una haki ya kusita. Kwenye ngazi ya mzunguko, kipandio ni kipana upande wa nje na chembamba kama ncha ya kabari upande wa nguzo ya katikati. Mtoto hukumbatia nguzo, maana ndiyo mkono wake unayoweza kuishika, na hapo ndipo mguu wake unakosa pa kukanyaga. Nawe ukishuka umembeba mdogo, huoni unakokanyaga. Ngazi hiyo inafaa kwenda kwenye chumba kinachotumika mara chache, lakini isiwe njia kuu ya familia.

Wekeni ngazi inayopanda, ikageuka kwenye kituo, yaani sehemu bapa ya katikati, kisha ikaendelea kupanda kurudi ilikotoka. Sentimita zenu 306 zinagawanyika vizuri: vimo 18 (kimo ni urefu wa kwenda juu wa kila hatua) vya sentimita 17 kila kimoja, na pa kukanyagia sentimita 28. Kanuni ya zamani ya wasanifu inasema vimo viwili ukijumlisha na pa kukanyagia vifike kati ya 60 na 64. Nyinyi mnapata 62. Vimo 9, kituo cha mita moja, kisha vimo 9 tena. Inachukua urefu wa kama mita 3 na robo na upana wa mita 2 na kidogo, na chini yake mnapata stoo. Mtoto akiteleza juu, kituo kinamzuia asiporomoke hadi chini kabisa.

Sasa niwaeleze kosa ambalo nimeliona mara nyingi, nalo halionekani kwenye ramani. Zege la ngazi linamwagwa kwa vimo vilivyo sawa. Baadaye sakafu za vyumba zinawekwa lipu na vigae, zinapanda sentimita 6, huku vipandio vikipanda 3 tu. Kimo cha kwanza kinabaki 14 na cha mwisho kinakuwa 20. Kwa macho huoni kitu, lakini mguu ukishazoea 17 hautazamii 20, na mtu anajikwaa palepale kila siku. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, fundi achore ukutani mstari wa sakafu iliyokamilika, chini na juu, apime vimo kutoka hapo. Msione haya kusimama naye mkiwa na futikamba.

Vyuma vya reli visimame wima, na nafasi kati yake isifike sentimita 10. Ikizidi hapo, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya na kichwa kikakwama. Vyuma vya kulala vinapendeza, ila kwa mtoto wa miaka 4 hivyo ni ngazi nyingine ya kupandia. Reli ya mkono ikae kati ya sentimita 90 na mita moja, na ongezeni ya pili kwenye sentimita 60 hivi kwa ajili ya watoto. Vipandio vizibwe kwa nyuma, na vigae visiwe vya kung'aa.

Kuhusu mahali, pangeni ngazi kwanza, vyumba vifuate. Mwanzo wa ngazi kule chini uonekane kutoka jikoni na sebuleni. Kule juu, mlango wa chumba cha watoto au wa choo usifungukie kichwani pa ngazi, maana mtoto huamka usiku akitembea nusu usingizi. Napendelea chumba cha wazazi kiwe kati ya watoto na ngazi. Swichi za taa ziwe chini na juu. Mkiweza, acheni chumba kimoja chenye choo chini, kwa bibi au mgonjwa.

Huyo wa miezi 10 anahitaji geti ngazini, juu na chini. La juu lifungwe ukutani kwa skrubu na lifungukie upande wa korido. Yale ya kubana tu msiyaweke juu: yanaweza kusukumwa yakachomoka, na mengi yana chuma chini ambacho mzazi aliyebeba mtoto hukikwaa.