Hela ya Pembeni: Majibu ya Barua Zenu

Mwezi uliopita niliweka mstari mmoja tu hapa chini kwamba mwenye swali la kutafuta hela ya pembeni huku ana kazi yake aniandikie, nikategemea barua tano sita za kujazia ukurasa. Jamani! Kumbe hii mishahara inatuumiza wengi hivi. Zote siwezi kuzijibu, nimechukua zile ambazo maswali yake yanajirudia, majina nimeyaacha, na kama kuna sehemu nimekuwa mkali usinune, na mi nimepita humo humo.

*

*Dada shikamoo. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Chanika, mshahara ukiingia unakuta wenyewe washaugawana, tarehe kumi nimebaki na nauli. Mwenzangu wa shule ya jirani anafuga kuku wa kisasa na anapata, kwaiyo nataka nichukue mkopo wa laki nane nianze na kuku mia. Mume wangu yuko Geita kikazi, nyumbani niko na watoto wawili wa shule. Kitu kingine ninachojua ni kupika tu, chapati zangu stafu wanazipenda, kila Ijumaa wananidai nije nazo, ila hiyo si biashara. Nishauri. – Mwalimu, Chanika*

Marahaba mwalimu. Nianze na kuku maana naona ndo umeshawapenda. Simkatalii mwenzako kwamba anapata, ila kamuulize saa nne asubuhi, muda ambao nyie wote mko darasani, bandani kwake anakuwa nani. Kifaranga wa broila wiki mbili za mwanzo anataka joto usiku na mchana, jiko likizimika wanakimbilia kona moja wanalaliana, asubuhi kazi yako ni kuokota. Siku ya saba chanjo ya kideri, ya kumi na nne Gumboro, ya ishirini na moja unarudia kideri, na hiyo chanjo ukiitia kwenye maji ya bomba yenye dawa umeiua, umewanywesha maji matupu. Chakula sasa: kuku mmoja mpaka afike wiki ya tano anakula kilo tatu na ushee, kwa mia hiyo ni mifuko sita saba ya kilo 50, na hujaweka hela ya vifaranga, maranda, mkaa wala dawa.

Lakini hata hayo yanawezekana, watu wanafanya. Kinachowamaliza watu ni wiki ya sita. Kuku akishakomaa hajui kwamba mnunuzi kasema njoo Jumatatu, yeye anakula tu, mia wanamaliza mfuko mzima kwa siku tatu, na kila siku unayochelewa kuuza faida yako inaingia mdomoni mwao. Mwenzako pengine ana mama ntilie wawili na mwenye banda la chipsi wanamsubiri, we unaye nani? Na marejesho ya mkopo yenyewe hayajui habari ya Jumatatu.

Sa turudi kwenye ile Ijumaa. Mwalimu, umeandika barua nzima ya kuku alafu biashara yenyewe umeitupa kwenye mstari wa mwisho! Watu wazima wenye mishahara wanakudai chapati kila wiki, na we unawapa bure, kwa unga wako na mkaa wako. Mi kwenye barua zote hizi nilichokuwa natafuta ni hicho tu: kitu gani watu wanakuomba ufanye bila we kujitangaza. Mteja ushampata, bado tu hujamtajia bei.

Tupige hesabu, bei za sokoni kwangu, kwako rekebisha. Unga kilo mbili 3,600, mafuta 1,500, chumvi na kasukari 200, mkaa 1,500, karatasi za kufungia 300. Jumla 7,100. Donge ukilikata gramu 150 zinatoka chapati 22, kwa 500 moja ni 11,000, kwaiyo imebaki 3,900. Usiruke kwanza. Kukanda, kuacha unga upumzike, kukata, kuzungusha, kusukuma, kuchoma, kwa jiko moja hapo ni masaa mawili na nusu umesimama, kila saa umelipwa kama 1,500 hivi. Ndo maana nasema usiuze moja moja stafurumu ukadhani utajenga. Stafurumu itumie kama onjo. Hela iko kwenye oda za shughuli, hitma, kipaimara, vikao vya harusi, mtu anataka chapati themanini Jumamosi saa sita na hana wa kumpikia, hapo unakanda mara moja, unaazima jiko la pili kwa jirani, unampa mtoto wa dada kazi ya kuchoma na unamlipa. Na nunua mzani mdogo. Wengi tunakata donge kwa macho, ukianza mkono ni mwepesi, ukichoka madonge yanakua, unajikuta kilo mbili zimetoa chapati 17 na hujui hela imeenda wapi.

Kukopesha hapana. Mi niliwahi kuuza ubuyu ofisini, ofisi siitaji, vikopo vinaisha kabla ya saa sita nikajiona tajiri, mwisho wa mwezi nafungua daftari nakuta bosi mmoja peke yake ana vikopo kumi na tisa, na kumdai bosi we mwenyewe unajua inavyokuwa. Ule ubuyu niliulipia mimi. Ijumaa ijayo nenda na chapati zako kama kawaida, wakishakula waambie kuanzia wiki ijayo ni 500, hela kwanza. Watacheka, watakuita mfanyabiashara, na watalipa.

*

*Mambo dada. Nalinda geti Mikocheni, naingia kumi na mbili jioni natoka kumi na mbili asubuhi. Mshkaji wangu ana boda ya mkataba anataka niwe deiwaka wake, nishike kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane, nampa hesabu elfu nane inayobaki yangu. Niingie? Ujuzi mwingine sina labda kunyoa, Jumapili nawanyoa watoto wa mtaani kwetu, wazazi wananishukuru. – Mlinzi, Dar*

Poa mdogo wangu. Usiingie. Umekesha usiku kucha alafu saa nne asubuhi uko Mwenge na abiria mgongoni, daladala inakata ghafla mbele yako, macho yako hayo unayategemea? Elfu nane ni ya mwenye mkataba, mafuta yako, pancha yako, ukikamatwa leseni haipo ni yako pia, na jioni unarudi getini unasinzia unafukuzwa kwenye ile kazi ya uhakika.

Alafu na we yaleyale ya mwalimu, ujuzi "labda kunyoa". Wazazi wanakuletea watoto wenyewe kila Jumapili, unataka nini tena? Wambie wiki ijayo ni buku, mwenye watoto watatu mpunguzie. Mashine ya kuchaji inatosha kuanzia, kitambaa safi na kioo. Ila kitu kimoja ukikizembea umekwisha: mapunye. Mtoto mmoja akija nayo na mashine ikapita kichwani kwake ikaenda kwa mwenzie, wiki mbili baadae mtaa mzima una mabaka na jina linalotajwa ni lako. Kila kichwa kikiisha piga brashi nywele zote zitoke kwenye meno ya mashine, futa kwa spiriti, iache ikauke yenyewe ndo uite mwingine, tone la oili mwishoni. Fanya mbele ya mama zao waone. Mwenye mapunye usimnyoe, mpe pole mwambie aende hospitali kwanza. Na siku za kulala, lala.

*

*Salaam aleikum dadangu. Niko Mombasa, nimeajiriwa duka la vitambaa na jioni napaka hina. Mkono wangu wasifiwa sana lakini wateja wote ni jamaa, mara binti ya ami, mara shemeji, wanikalisha mpaka usiku wa manane kisha waniambia "Mungu akulipe". Siwezi kuwaitisha pesa, nitaambiwa nimebadilika. Nifanyeje? – Mpaka Hina*

Waaleikum salaam dadangu. Hii barua niliisoma mara mbili nikacheka kwa uchungu, maana hiyo "Mungu akulipe" na huku kwetu tunalipwa nayo sana.

Ndugu huwezi kuwageuza siku moja, ila unaweza kuanza na kitu ambacho hakiitwi malipo yako. Shemeji akikupigia mwambie sawa nakuja, ila hina imenishia, nitumie pesa ya hina na mafuta leo kwa M-Pesa ndipo nisage. Hapo hujataja mkono wako hata kidogo, ila yule anayetuma ndio mteja na asiyetuma hakuwa na shida na we. Ukishawazoesha hilo, mwezi wa pili unataja na ya mkono. Kwa watu wa nje tumia arubuni, nusu kabla, hasa kipindi cha Shaaban ambacho kila mtu anakimbizana kuoa kabla ya Ramadhani, na usiku wa kuamkia Idi. Siku hizo usiku wako mmoja unagombewa na watu sita, ukimpa shemeji bure umewakosa watano wenye pesa. Weka na bei mbili tofauti, ya bibi harusi mikono na miguu kamili, na ya mgeni anayetaka ua moja kiganjani la dakika kumi. Hao wa ua moja ndo usiwadharau, usiku wa Idi wakikaa foleni wanakupa zaidi ya bibi harusi.

Na niruhusu kuhusu piko, ile hina nyeusi. Najua mabibi harusi wanaitaka nyeusi tii tena ishike haraka, na wapakaji wengi wanachanganya rangi ya nywele. Ile rangi ndani ina kemikali inaitwa PPD, kuna ngozi ikigusa inavimba malengelenge na kovu linafuata ua lilelile ulilochora, bibi harusi anaingia ukumbini na mikono imefungwa bendeji. Hina halisi haitoki nyeusi, inaanza kama chungwa ndo inakolea kuwa kahawia siku ya pili, kwaiyo mwambie apake siku mbili kabla. Akikataa muache aende kwa mwingine. Mteja wa namna hiyo hata arubuni yake ningeirudisha.

*

*Dada, nimeunganishwa grupu la Telegram unalaiki video unalipwa. Siku ya kwanza nimepata 6,000 kweli imeingia kwenye simu. Sasa wanasema nikiweka 50,000 napanda daraja nalipwa 15,000 kila siku. Niweke? – Msomaji, Morogoro*

Usiweke. Hiyo 6,000 ni chambo. Ukiweka hamsini utaona kwenye akaunti yao imekuwa laki, ukitaka kuitoa utaambiwa lipia kodi kwanza, ukilipa utaambiwa akaunti imegandishwa lipia kuifungua. We kama unafanya kazi kweli kwanini mlipaji awe wewe? Mwaka 2009 tulikuwa na DECI hapa nchini, ule upatu ulioanguka na hela za watu, watu walikuwa wanaita "kupanda mbegu", waliowahi walivuna kweli na ndo waliotuvuta sisi wengine. Kula hiyo elfu sita yao uondoke.

*

*Tuko vijana watano, tunaosha makochi na mazulia majumbani wikiendi. Tunataka mashine. Mikopo ya halmashauri bado ipo? – Vijana, Dodoma*

Ipo. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, na haina riba. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu awaeleze kusajili kikundi na masharti ya sasa. Ila kabla ya mashine andikeni kwenye daftari mmeosha makochi mangapi miezi mitatu iliyopita na kila moja mlilipwa ngapi, maana hilo swali mtaulizwa tu.

*

*Dada mi nina digrii ya Kiswahili, nafanya mapokezi hotelini Arusha. Wageni wananiomba niwafundishe, wengine wakirudi kwao bado wananitumia meseji za kuuliza maneno. Hii inaweza kunilipa au nijifunze tu kompyuta? – Arusha*

Unaona? Wanakuomba wenyewe. Inalipa, ila jipime kwanza na swali moja: mgeni akikuuliza kwanini ni "gari langu" lakini "rafiki yangu", na kwanini hatusemi "rafiki wangu" wakati rafiki ni mtu, utamjibuje? Ukijibu "ndivyo tunavyosema" keshatafuta mwalimu mwingine. Tulizaliwa nayo hii lugha ndo maana hatuijui kwa ndani, hata wenye digrii. Andaa masomo kumi ya kwanza kabisa, kusalimiana, sokoni, kutaja saa (hapo kwenye saa watakusumbua, kwao saa moja asubuhi ni saba), uyaandike na mazoezi yake, uanze na wale wawili watatu wanaokutumia meseji. Somo la kwanza nusu saa bure kwa video, baada ya hapo wanalipia masomo manne kwa mpigo kabla hamjaanza, maana mtu wa mbali akikosa kuja hana hasara, we ndo umekaa macho saa nne usiku unamsubiri. Na zile meseji za kuuliza neno mojamoja, jibu mbili, ya tatu mwambie tutalisoma kwenye kipindi.