Kopo la breki linashuka lakini chini ya gari pakavu: anzia kwenye dramu na busta

Mkuu, kwa maelezo yako kopo la mafuta ya breki la Probox yako linashuka kutoka MAX hadi karibu na MIN kwa wiki mbili, taa ya breki inawaka ukikata kona, hakuna tone chini, pedi za mbele ni mpya, na fundi anakwambia uongeze tu uendelee kupiga kazi. Huyo fundi msamehe, ila usimsikilize. Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini wala hayakauki. Kopo likishuka ama pedi zimelika na pistoni zimetoka nje zaidi, ama yanavuja. Pedi kulika hushusha kopo kidogo kidogo kwa miezi, na zako ni mpya. Yanavuja. Taa inawaka kwenye kona kwa sababu mafuta yanakimbilia upande mmoja wa kopo na boya linalowasha taa linashuka.

Uvujaji usioacha alama chini una maficho mawili makubwa: ndani ya dramu za nyuma (yale mabakuli ya chuma yanayofunika breki za magurudumu ya nyuma), na ndani ya busta (lile duara kubwa la bati linaloongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki).

Anza na dramu. Weka kabari magurudumu ya mbele, shusha handibreki, inua nyuma kwa jeki na uweke stendi. Kabla hujafungua kitu, chungulia ukuta wa ndani wa tairi na ukingo wa chini wa ile sahani ya bati iliyo nyuma ya dramu. Vumbi la breki lililoganda kama tope jeusi linaloteleza limeshakujibu nusu. Dramu ikigoma kutoka usiitwange nyundo. Ina matundu mawili yenye uzi, ingiza bolti mbili za M8 na uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Itajisukuma yenyewe.

Ndani utaiona wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki, juu, katikati ya breki shuu mbili. Ina kifuniko cha mpira kila upande. Funua ukingo wa mpira kwa bisibisi bapa. Unyevu mwembamba tu si ugonjwa. Yakitiririka mafuta, sili, yaani mpira wa ndani unaozuia mafuta, imekwisha. Kagua magurudumu yote mawili hata kama la kwanza limeshakiri, maana umri wa sili ni mmoja.

Kununua mipira ya ndani peke yake ni rahisi, lakini pitisha ukucha ndani ya silinda kwanza. Ukikwaruza kwenye vishimo vya kutu, mipira mipya haitakaa. Weka wili silinda nzima. Breki shuu zilizolowa usizioshe kwa petroli ukazirudisha. Zimeshanyonya mafuta, zikipata joto zinayatoa tena na gari linavuta upande mmoja. Badilisha za magurudumu yote mawili. Nati ya paipu ni namba 10 na ni laini sana: tumia spana ya paipu, ile ringi iliyokatwa mdomo. Spana ya kawaida inakula kona za nati, halafu kazi ya nusu saa inageuka kutafuta paipu mpya.

Dramu zikiwa kavu, nenda kwenye busta. Tazama rangi ya busta chini kidogo ya masta silinda, ile pampu ya breki iliyo chini ya kopo. Mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo palipovuja pana bati tupu au rangi iliyobabuka. Zima injini, kanyaga breki mara tano au sita kumaliza nguvu iliyobaki kwenye busta, kisha fungua nati mbili zinazoshika masta na uivute mbele sentimita mbili hivi bila kufungua paipu. Pitisha kitambaa cheupe nyuma ya masta. Kikitoka kimelowa, sili ya nyuma imeachia na busta inayameza. Injini inaweza hata kuyavuta kutoka humo ikatoa moshi mweupe, watu wakaanza kulaumu gasketi ya hedi.

(Pedeli inayozama taratibu ukiwa umesimama, huku kopo halishuki, ni ugonjwa mwingine: masta inapitisha mafuta kwa ndani, hayatoki nje.)

Kote huko kukiwa kukavu ndipo uhangaike na paipu. Osha, kausha, paka unga wa chaki kwenye maungio, tandika maboksi chini. Mtu awashe injini akanyage breki kwa nguvu dakika mbili bila kuachia huku wewe ukitazama. Tone hutembea na paipu na kudondoka mbali, kwa hiyo fuata unyevu kurudi nyuma mpaka pale unapoanzia. Magari ya Dar, Tanga na Mombasa huoza pale klipu zinaposhika paipu, kwa sababu tope na chumvi hukaa hapo. Kwenye kalipa (ile inayobana pedi za mbele), angalia washa za shaba kwenye bolti ya paipu, hizo hazirudiwi. Kama gari ni la gia za mkono, angalia pia kama klachi inakunywa kopo hilohilo, kisha pekua zulia chini ya pedeli yake.

Ukiona unyevu usioujua, tia tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Oili ya injini, ya gia au ya usukani inaelea.

Na fungua mfuniko wa kopo utazame mpira wake. Ukiwa umevimba haurudi vizuri mahali pake, kuna mtu aliwahi kuongeza oili isiyo ya breki, na hapo kila mpira, kuanzia masta hadi kalipa, ni mgonjwa. Kubadilisha wili silinda moja hakutakusaidia.

Ukishafunga, jaza mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 kama mfuniko unavyosema. DOT 4 inaweza kuchanganywa nayo. DOT 5 ya silikoni hapana. Usitumie chupa iliyokaa wazi miezi, imeshavuta unyevu wa hewa. Toa upepo ulioingia kwenye paipu ukianza gurudumu lililo mbali na masta, yaani nyuma kushoto kwa gari la usukani kulia, na usiache kopo likauke katikati ya kazi. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli isigonge sakafu: kwenye masta ya zamani, sehemu ya mwisho ambayo haitumiki kila siku ina kutu, na sili ikipita hapo inachanika. Mafundi wengi wanaua masta nzima kwa njia hiyo wakati wanatibu dramu.

Piga mstari kwa kalamu ya maka kwenye kopo, tembea siku tatu mjini, kisha angalia asubuhi gari likiwa limesimama tambarare. Likishuka tena huku dramu ni kavu, rudi na kitambaa chako kwenye busta. Mpaka upate jibu, usilipakie mzigo wala kulipeleka kwenye mteremko.