Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia nembo ya viungo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unaniuliza: una laki tatu mkononi, viungo vya pilau na vya chai vimeanza kutoka, je, umlipe mtu akuchoree nembo, au uagize vifungashio vilivyochapwa kabisa? Jibu langu ni kwamba vyote viwili bado. Anza na jina, kisha lebo. Nembo itapatikana humo humo.

"Pilau Masala Bora" uliloniandikia linaeleza bidhaa tu, halijawa jina. Kila muuza viungo ana haki ya kusema masala yake ni bora, ndiyo maana hata kulisajili kama alama ya biashara ni kazi ngumu. Tafuta neno fupi ambalo mtoto aliyetumwa dukani atalishika bila kuandikiwa. Ukilipata, lisake kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla hujachapa hata stika moja. Halafu usichanganye mambo: kusajili jina la biashara hakukupi ulinzi wa alama ya biashara. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na viungo viko daraja la 30 pamoja na chai, kahawa na unga. Kwa Bara usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukitaka kuuza Unguja na Pemba, kule wana usajili wao, kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.

Sasa lebo, na hapa nakuomba usome taratibu. Tandika kanga mezani uitazame. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mji umebeba umbo moja kubwa, jina limekaa mahali pake, pindo limevishika vyote. Kisutu unakijua kwa wekundu, weusi na weupe wake ukiwa ng'ambo ya barabara. Lebo uliyonitumia ina pilipili, mdalasini, sahani ya pilau, mwali wa moto na maandishi ya aina tano. Mji umefurika na pindo halipo. Chagua kitu kimoja, tuseme ua la karafuu, kikae katikati. Aina mbili za herufi zinatosha: moja ya jina, nyingine ya maelezo. Ukimaliza, ichape kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye pakiti, uiweke rafuni kwenye duka la mtaani katikati ya pakiti za wengine, kisha usimame nje ya nondo anaposimama mteja. Kama huioni, mteja naye haioni.

Rangi zinadanganya watu wengi. Simu inaonyesha rangi kwa mwanga, mashine inachapa kwa wino, kwa hiyo kijani kile kinachong'aa kwenye kioo hutoka kimezubaa kwenye karatasi. Mwambie mchoraji apange kazi kwa CMYK, yaani wino nne za mashine (samawati, waridi, njano na nyeusi), tangu mwanzo, na akuandikie namba za kila rangi. Njano ya bizari, kwa mfano, yaweza kuwa C0 M30 Y100 K0. Ukiwa na namba hizo, hata ukihama mchapaji rangi haitapotea mbali. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake, K100. Yakichanganywa wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi zinatoka na kivuli. Na maandishi ya njano juu ya nyeupe, usijaribu.

Vipimo navyo ni pesa. Lebo ya mm 80 kwa 60 inahitaji mm 3 za rangi ya ziada kila upande, ili kisu kikiyumba usibaki mstari mweupe. Inakuwa 86 kwa 66. Karatasi ya A3, ukiacha mm 5 pembeni, inabeba 18. Ukiinenepesha kufika 90 kwa 60, zinashuka hadi 16. Kwa sentimita moja umepoteza mbili katika kila karatasi.

Chukua stika ya plastiki. Ya karatasi inanyonya mafuta ya viungo na kuingia madoa. Usifanye dirisha kubwa kwenye pakiti ya bizari, maana rangi yake huchujuka kwenye mwanga. Acha pia sehemu isiyo na ung'avu kwa ajili ya muhuri wa tarehe. Kwenye laminesheni, ule utando wa plastiki unaong'aa, wino haukauki, unafutika kwa kidole.

Nyuma ya pakiti weka viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anwani yako, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, namba ya bechi na namna ya kuhifadhi. Alama ya TBS, shirika la viwango, usiiweke mpaka upewe leseni yake. Msimbo wa mistari (barcode) uombe GS1 Tanzania, wanaotoa namba zake. Namba zao huanza na 620. Ukubwa wake kamili ni mm 37.29 kwa 25.93, na usiupunguze chini ya asilimia 80. Mistari isiwe myekundu hata kama inapendeza, kwa kuwa mashine za kusomea hutumia mwanga mwekundu na haziioni.

Ukimlipa mchoraji, mwandikiane kwamba kazi ni yako, naye akukabidhi faili asilia: AI (ya programu ya Illustrator) au SVG, ambazo hukuzwa bila kuharibika, PDF ambayo herufi zake zimegeuzwa kuwa michoro, na PNG isiyo na mandhari. Zikipita WhatsApp zitumwe kama dokumenti. Zikitumwa kama picha zinabanwa, na nembo ikikuzwa kwa ajili ya bango inavunjika vipande.

Vifungashio vilivyochapwa vingoje. Viwanda havichapi pakiti chache, na ukigundua kosa moja la herufi mzigo mzima umelala. Kwa stika, unarekebisha kesho yake.

Ukipata sampuli, usinipigie picha. Niletee pakiti mbili kwa basi, moja yake uipake mafuta ya kupikia na uiache usiku kucha.

Baba yako